Haula Alipokataa Kupeleka Maji

Wakati ule, kila alasiri Haula akitoka shule anateka maji, anafagia uani, halafu tunakwenda kwa jirani yetu Nazira kutazama novela, tamthilia ya Kireno ya kwenye televisheni. Mimi Kireno sikijui, nilisoma chuo cha Kurani tu, tena kwa kutoroka toroka. Basi mjukuu wangu huyu wa miaka kumi na miwili ndiye mdomo wangu. Watu wakisema huko kwenye televisheni, ananigeuzia Kiswahili pale pale. Akichoka ananidanganya. Siku moja kaniambia bibi harusi analia kwa sababu kanyimwa pweza.

Mwaka ule watu wa gesi walijaa hapa kwetu Palma, Msumbiji, vyumba vikawa vya kugombea. Nasi tukampangisha Rachide, dereva wa lori la kampuni ya gesi. Mtu wa swala, sauti yake ya upole. Kwetu mgeni hajitekei maji ya kuoga, mtoto wa nyumba anampelekea ndoo mlangoni. Kazi hiyo nikampa Haula.

Baada ya mwezi akakataa.

"Babu, leo sipeleki."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

"Unaniaibisha kwa mgeni. Adabu umeiacha wapi?"

Nikamkazia macho mpaka akabeba.

Tangu siku ile akanyamaza. Chakula anakichezea, utani hana. Nikadhani malaria.

Siku moja kwenye novela mwanamke kasimama mbele ya hakimu. Haula akawa ananieleza, sauti ya chini.

"Anasema alikataa. Anasema yule bwana alimshika kwa nguvu. Hakimu anauliza mbona hakupiga kelele."

Mwanamke akainama, akalia, asiseme kitu. Haula akaendelea.

"Anasema aliogopa. Anasema aliambiwa akisema, babu yake hatamwamini, maana babu anampenda mgeni."

Nazira akazima televisheni. Yeye Kireno anakijua.

"Haula, mwanangu, yule mwanamke hajasema hayo."

Nikamgeukia Haula. "Ni Rachide?"

Akaitikia kwa kichwa. "Nilikwambia sipeleki, babu."

"Uliniambia. Mimi ndiye sikukusikia. Nisamehe, mama."

Saa ile ile Nazira akampeleka hospitali, mimi nikaenda polisi. Jioni wazee wenzangu wakaja. "Mshamu, yafunike haya. Mtoto ataharibikiwa jina." Nikawajibu, mwenye kuharibikiwa jina ni aliyefanya, mtoto hana kosa. Rachide alikamatwa, akafungwa.

Lakini Haula hakupona siku hiyo. Kila wiki alikwenda kuzungumza na nesi Isabel. Siku nyingine akisikia lori barabarani anakimbilia ndani. Shule aliacha miezi miwili, kisha akarudi, Nazira akimsindikiza mpaka mlango wa darasa. Sasa anakwenda na wenzake. Kucheka anacheka, si kama zamani, lakini anacheka.

Wajukuu zangu mnaosoma haya, mwili wako ni wako. Ukisema sitaki, hata kwa mgeni, hata kwa babu, hujakosa adabu. Na mtu akikufanyia ubaya, kosa ni lake, hata kama uliogopa ukanyamaza. Mwambie mkubwa. Wa kwanza asipokusikia, mwambie wa pili, mwambie wa tatu. Nanyi wakubwa, mtoto akikataa jambo bila kusema sababu, kaeni naye, mmuulize polepole, mngoje, mmuulize tena. Mimi niliuliza mara moja tu.