Kuvumwani ya Mama Mkwe

Kila asubuhi Mama Mkwe alikwenda chooni peke yake. Alikuwa kipofu, lakini aliujua ua wake. Alipapasa ukuta taratibu mpaka mkono ukagusa kuvumwani, ile mimea mifupi ya kijani, laini kama zulia, inayoota penye unyevu na kivuli. Hapo alikata kushoto, akaufikia mlango wa choo.

Mke wa mwanawe alipenda usafi kupita kiasi. Majirani walimwita Mama Sabuni, naye alifurahi. Siku moja walitarajia wageni. Mama Sabuni akausugua ukuta wote kwa brashi na dawa ya madoa. Ukawa mweupe pe!

Kesho yake Mama Mkwe alipapasa, akapapasa, hakukuta kitu. Akapotea katika ua wake mwenyewe, akaanguka. Hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku hiyo hakutoka tena chumbani.

Mwanawe alifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni.

"Mimi si mbuzi," alisema mama yake, akalala tena.

Akawa anatumia ndoo, kwa aibu. Alikula kidogo sana ili asiitumie mara nyingi. Akakonda. Mama Sabuni alikuwa akiimwaga ndoo ile huku analia. Brashi aliitupa nyuma ya nyumba, hakutaka hata kuiona.

Alijaribu kurekebisha. Alibandua kuvumwani mtaroni, akaibandika mahali pake ukutani kwa samadi na maziwa yaliyoganda, akaimwagia maji ndoo kwa ndoo. Ikaoza. Nzi wakajaa.

Jirani yao, mwashi aliyeitwa Chokaa, alichungulia juu ya ukuta.

"Shemeji, unapika nini huko? Tunakufa na harufu!"

"Usinitanie, shemeji. Nimemuua mama wa watu kwa usafi wangu." Akamweleza yote.

Chokaa aliacha kucheka. "Mimi kazi yangu ni kuikwangua hiyo, kwa hiyo najua inapenda nini. Haina mizizi ya kunywea kama nyanya. Inakunywa kwa majani yake. Samadi ya nini? Na maziwa yanaleta ukungu tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Osha ukuta mpaka dawa itoke yote. Nitaukwaruza kidogo, maana haishiki penye utelezi. Kesho nakwangua ukuta mmoja wa kivulini, nitakuletea ya huko. Ivunjevunje, changanya na udongo wa mfinyanzi, uwe uji, upake. Tundika gunia kuzuia jua. Halafu nyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Isikauke, wala isifurike."

"Itaota lini?"

"Ni miezi, shemeji. Hiyo haina haraka."

"Na yeye ana miezi?"

Kesho yake Chokaa alileta kuvumwani, akaukwaruza ukuta.

Mama Sabuni alifanya kama alivyoambiwa. Alinyunyizia, akachungulia chini ya gunia, akaona tope tu. Chumbani Mama Mkwe alikuwa haongei tena. Mwanawe alianza kuwaarifu ndugu. Mama Sabuni alikata tamaa kabisa, lakini aliendelea kunyunyizia, kwa sababu hakujua lingine la kufanya.

Mvua zilipoanza, akaona vidoa vya kijani. Vikaungana polepole, vikawa upana wa kiganja. Hakumwambia mtu. Alingoja mpaka vikajaa, akaingia chumbani.

"Mama, inuka."

"Niache nife, mwanangu."

"Utakufa baadaye. Kwanza njoo."

Alimwinua. Alikuwa mwepesi mno. Akamshikisha ukuta, wakatembea. Mkono wa Mama Mkwe ulipofika kwenye kuvumwani ulisimama, ukarudi nyuma, ukagusa tena.

"Niachie," alisema.

Akakata kushoto, peke yake. Mlango ukafungwa. Mama Sabuni alibaki uani akilia kwa sauti.

Baadaye mlango ukafunguliwa.

"Mkwe wangu," aliita Mama Mkwe, "hiki choo mbona kinanuka? Siku hizi humu ndani hakuna brashi?"