Nimetafsiri Kila Neno

Siku Mheshimiwa alipomwona yule mwanamume kwa mara ya kwanza, kulikuwa na mtu anaruka foleni. Aliyeruka ni yeye Mheshimiwa.

Alikuwa amekwenda hospitali kuu kukagua kliniki ya magonjwa ya akili, kazi aliyoipenda kuliko zote za ubunge wake. Alivaa gauni la bluu lililonyooshwa pasi na viatu vya kisigino vilivyotangulia kumtangaza. Mlinzi alipomtambua alifungua mlango, "Pita, Mheshimiwa, pita," naye akapita mbele ya watu arobaini waliokuwa kwenye mabenchi tangu alfajiri.

"Foleni inaanzia kule nyuma, mama."

Aligeuka. Aliyesema alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa shati jeusi la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka mwisho katika joto lile. Pembeni yake alisimama bibi mmoja kiziwi aliyeitwa mara mbili na kurukwa, kwa kuwa muuguzi aliita kwa mdomo tu.

Mlinzi akafura. "Wewe, unajua unaongea na nani?"

"Namjua sana. Mwaka mzima namsemea."

Mheshimiwa akamkazia macho. Uso ule aliwahi kuuona, lakini wapi?

"Usijisumbue," mwanamume akasema. "Mimi ndiye mkalimani wa lugha ya ishara pale Bungeni. Nakaa kwenye kibanda cha kioo, mkono wako wa kushoto. Kila ukisema 'ndugu zetu wenye ulemavu', mimi nakuwa natoka jasho. Hujawahi kugeuza shingo hata siku moja."

Watu wa mabenchini wakacheka. Mheshimiwa alihisi uso unamuwaka. Alirudi nyuma, akakaa benchi la mwisho, akangoja saa tatu na nusu na visigino vyake. Zamu yake ilipofika, mkalimani alikuwa bado yupo.

"Umengoja kweli?" akamuuliza.

"Na wewe umebaki kunilinda nisiruke tena?"

"Nimebaki kuona kama viatu vitashinda."

Hapo ndipo yalipoanzia. Jumanne iliyofuata, alipopewa nafasi ya kuchangia, Mheshimiwa aligeuza shingo kushoto. Mle ndani ya kioo mikono miwili ilisita kidogo, kisha ikaendelea. Tangu siku hiyo akawa anamwita Mikono, naye akabaki kuitwa Mheshimiwa hata walipokuwa wawili tu.

"Mheshimiwa, jana umeongea mbio mno," alikuwa akimpigia simu. "Vidole vimenivimba."

"Pole, mpenzi. Nitoe pole kwa kila kidole au kwa jumla?"

"Kimoja kimoja. Vipo kumi, sina haraka."

Mheshimiwa alikuwa mjane kwa miaka sita, mama mtu mzima mwenye binti chuoni, na alikuwa ameshajiambia kwamba mambo ya kucheka peke yake na simu yamempita. Kumbe hayakuwa yamempita, yalikuwa kwenye foleni.

Jumapili moja mchana alimkuta Mikono jikoni kwake anaosha vyombo, mikono ya shati ameikunja. Hakuwahi kumwona hivyo. Kwenye vifundo vyote viwili vya mikono kulikuwa na makovu, yamezunguka kama bangili. Mikono alimwona anavyotazama. Alifunga bomba.

"Kamba," akasema.

Akamweleza. Miaka minane nyuma akili ilimtoka. Alisikia watu wakimsema ukutani, akaacha kula, akaacha kulala. Wajomba zake walimfunga kitandani siku tisa, mbele ya wajukuu zao, kwa nia njema kabisa. Siku ya kumi dada yake mkubwa, fundi cherehani, alifika na mkasi wa kazini, akazikata zile kamba na kumpeleka hospitali. Akatibiwa, akapona, na bado anameza vidonge viwili kila jioni.

"Kazini hawajui. Viziwi ninaowatumikia hawajui. Ni dada, na sasa wewe."

"Itakufa na mimi," Mheshimiwa akasema. Akavibusu vifundo vile, cha kulia na cha kushoto, na siku ile alikuwa anasema kweli tupu.

Wiki tano baadaye muswada wake wa afya ya akili uliingia Bungeni. Roho ya muswada ilikuwa kifungu cha kumi na nne: ni marufuku kumfunga mgonjwa kamba au mnyororo, awe nyumbani, awe hospitalini. Mheshimiwa alisimama, akaeleza vizuri, akataja takwimu. Mara akainuka mbunge mmoja mwenye tumbo na mzaha, ambaye, kwa kupenda kwake kukatiza watu, wenzake walimwita Mzee wa Taarifa.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Haya mambo ya kufunga watu kamba ni hadithi za bibi. Msemaji atuoneshe hata mmoja. Mmoja tu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ulimi hauna mfupa, na wa mtu aliyechekwa ndio kabisa hauna.

"Yupo!" Mheshimiwa akapaza sauti. "Alifungwa siku tisa na wajomba zake! Makovu anayo kwenye vifundo vya mikono, na mikono hiyohiyo ndiyo inayomlisha leo! Na nyinyi mnamwona kila siku, humu humu ndani!"

Jina hakulitaja. Lakini shingo yake, ambayo kwa miezi saba ilikuwa imezoea kugeuka kushoto, iligeuka kushoto.

Ndani ya kioo Mikono alikuwa anatafsiri. Mkalimani hachagui, linalosemwa ndilo analolipeleka. Na katika lugha ya ishara neno la kufungwa halina namna nyingine: unakutanisha vifundo vya mikono, kimoja juu ya kingine, unavikaza. Akavikutanisha. Mikono ya shati ikapanda. Akaendelea mpaka nukta ya mwisho, kisha akaishusha mikono mapajani.

Wabunge walipiga meza. Mwenyekiti wa kamati ya afya alimkumbatia Mheshimiwa mlangoni. Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye ngazi za nje, moyo umejaa ushindi, ndipo alipofungua simu akakuta picha. Watu walikuwa wamekikuza kile kidirisha cha mkalimani pembeni ya televisheni. Viziwi ndio waliotangulia kuona, maana wao humtazama mkalimani, hawamtazami mbunge. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Kumbe huyu ni mwendawazimu?*

Alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa. Ukaja ujumbe mmoja, mfupi: *Nimetafsiri kila neno.*

Mheshimiwa akakaa palepale kwenye ngazi na gauni lake zuri. Aibu ilimpanda kuanzia nyayoni. Alikuwa amepigania miaka mitatu watu kama Mikono wasivuliwe heshima yao, na yeye ndiye aliyemvua, mchana kweupe, akapigiwa meza.

Kesho yake alikwenda kwa yule dada, kwenye kibanda chake cha kushonea. Dada hakumkaribisha kiti. Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, dada."

"Usinishikamoo. Amelala humo ndani, hataki kumwona mtu. Kazini wamemwambia apumzike kwanza, unajua maana yake."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Wajomba walimfunga mbele ya watu sita. Wewe umemfunga mbele ya nchi nzima. Na wao angalau hawakujifanya wanaipenda mikono yake." Akarudisha macho kwenye cherehani. "Mimi nilizikata zile kamba, Mheshimiwa. Hizi zako sina mkasi wake. Nenda."

Akaenda. Njiani alilia ndani ya gari, dereva akaongeza sauti ya redio kwa adabu.

Mzee wa Taarifa naye hakulala. Aliomba mwongozo: msemaji athibitishe kuwa mtu huyo yupo, au afute kauli. Spika akampa Mheshimiwa siku tatu.

"Mlete," mwenyekiti wa kamati akamsihi. "Keshajulikana, atapoteza nini tena? Dakika kumi tu mbele ya kamati, kifungu kinapita. Fikiria wangapi watafunguliwa!"

Na tusimtakase, alifikiria. Siku ya pili aliandika ujumbe mzima: *Mpenzi, najua nimekukosea, lakini ungekuja dakika kumi tu...* Akausoma. Akaona ni kama amemchoma mtu kisu, kisha anamwomba amrudishie kisu. Akaufuta, na hata baada ya kuufuta aliona haya kuitazama simu.

Siku ya tatu alisimama. Kwenye kibanda cha kioo alikaa binti mgeni.

"Mheshimiwa Spika, niliyasema ambayo hayakuwa yangu kuyasema. Mwenyewe hakunituma wala sikumwomba ruhusa. Sitamleta mtu mbele yenu."

"Unathibitisha au unafuta?"

"Nafuta kauli."

"Kwa hiyo alidanganya!" Mzee wa Taarifa akashangilia, na meza zilezile zikapigwa tena. Kifungu cha kumi na nne kikaondolewa mchana huo, muswada ukapita bila roho. Magazeti ya kesho yake yalimwita mbunge aliyemeza maneno yake. Aliyasoma yote. Aliona ni haki yake.

Siku ya nne baada ya hapo alikuwa kwenye korido ya ofisi za Bunge, amekaa benchi, anangoja kukabidhi barua ya kuomba kuanza upya: muswada mwingine, safari hii kwa kuwauliza kwanza wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, nani anataka kusema na nani hataki. Simu ikaita. Aliiona ile namba, akaipokea.

"Nilikuona ukifuta," Mikono akasema. Hakusalimu.

"Ulikuwa unaangalia?"

"Mara ya kwanza nakutazama Bungeni bila kukutafsiri. Ulikuwa umekonda."

"Mikono, mimi..."

"Ngoja. Kwa nini hukuniita? Ningeweza kukiokoa kifungu chako."

Angeweza kusema maneno matamu hapo. Kazi yake ni maneno. "Nilitaka kukuita," akasema. "Niliandika na ujumbe. Nikaufuta. Naona aibu kukwambia, lakini sitaki kukudanganya."

Upande wa pili cherehani ilisikika kwa mbali.

"Sasa niulize," Mikono akasema.

"Nikuulize nini?"

"Kile ulichotakiwa kuniuliza kabla hujasimama siku ile."

"Naomba ruhusa yako nizungumze habari zako Bungeni."

"Hapana."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu."

"Hakuna hotuba? Hakuna 'ndugu zetu wenye ulemavu'?"

"Hakuna. Umesema hapana."

Akamsikia akicheka, kicheko kidogo, kimechoka, lakini chake. "Huenda siku moja nitasema mwenyewe. Huenda nisiseme kabisa. Nimeandika barua kazini, nimewaeleza kuwa nameza dawa na mikono yangu ni mizima. Wakinitaka, wananijua. Dada bado hataki kukusikia."

"Ana haki."

"Ana haki sana. Mimi mwenyewe bado nina hasira, nakwambia mapema. Lakini nimekaa na hasira yangu wiki nzima humu ndani, nimegundua yenyewe hainichekeshi. Na mimi nina swali. Unaruhusiwa kukataa."

"Uliza, mpenzi, usiniue."

"Utakubali kuolewa na mtu aliyewahi kufungwa kamba, ambaye habari zake hutazisema popote, kwa yeyote, mpaka unaingia kaburini?"

Mwanamke aliyewahi kuhutubia saa nzima bila karatasi alifungua mdomo, neno halikutoka. Aibu ilikuwa bado imemkaa kifuani, haikuwa imeondoka na wala hakutaka iondoke haraka. Machozi yakaidondokea barua. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, kwa nguvu.

"Mheshimiwa," Mikono akasema taratibu, "kwenye simu kutikisa kichwa hakusikiki."

"Ndiyo!" akasema, kwa sauti iliyowafanya makarani wa milango mitatu watoke kuangalia kuna nini, na hakumweleza hata mmoja wao.