Simu Ziachwe Mlangoni

Siku Muaz alipokutana na Zulekha, alikuwa ameshazunguka kwa wauza vyombo wote wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na hakuna aliyemwelewa. Alitaka mbuzi ya kukunia nazi, lakini iwe fupi, iingie kwenye sanduku la safari. Mkokoteni wa mabomba ulikuwa umeziba njia, wabeba mizigo wanapiga miluzi watu wapishe, naye amesimama katikati na shati lake jeupe la kitani limeloa jasho mgongoni, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Kaka, toka hapo utagongwa," Zulekha alimwambia kutoka kibandani kwake, chini ya masufuria yaliyoning'inia. Alikuwa amevaa baibui la bluu na mtandio wa rangi ya embe bivu, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. "Ingia kivulini ndiyo useme shida yako."

Muaz akaisema. Zulekha akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Unaipeleka wapi?"

"Ulaya. Nakaa huko."

"Huko nako kuna nazi?"

"Zipo. Kavu kama majibu yako."

"Na wa kukukunia hayupo."

"Angekuwepo nisingekuja kutukanwa hapa."

Zamda, muuza mabeseni wa kibanda cha pili, alicheka hadi akashika nguzo. Zulekha hakucheka. Alichukua mbuzi moja, akaigeuza, akasema miguu itabidi ikatwe, arudi kesho. Seremala alikuwa hapo nyuma tu, amekaa hana kazi, na miguu ile angeikata kabla Muaz hajamaliza soda. Zamda aliliona hilo, akanyamaza.

Kesho yake Muaz alirudi. Akarudi na keshokutwa, mbuzi ameshaichukua, eti kuuliza inasafishwaje. Alikuwa mtoto wa Mchafukoge, ukoo wa Kiarabu, mama yake Bi Moza akiishi ghorofani katika nyumba ambayo kodi yake Muaz aliilipa kutoka Ulaya, kwa kuogesha na kulisha wazee wa watu. Likizo yake ilipokwisha aliondoka, zikaanza simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali."

"Kwa mboga gani?"

"Muaz, umepiga simu kutoka Ulaya kuuliza mboga?"

"Nimepiga nikusikie ukikasirika. Huku hakuna mtu wa kunikasirikia, wote wapole kama wagonjwa."

Zulekha alikuwa anaficha uso kwenye mtandio, kwa sababu Zamda alikuwa anamwangalia.

Likizo iliyofuata walioana. Nikaha ilifungwa msikitini siku ya Ijumaa kama nikaha zote za kwao. Baba yake Zulekha, mzee Mwinyimvua, alikwisha kufariki huko Lindi, kwa hiyo kaka yake, Khalfani, ndiye aliyemshika Muaz mkono akamwozesha. Bibi harusi hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwa Khalfani, chumbani, mikono ina hina mbichi, akaletewa habari kwamba sasa ni mke wa mtu. Nje ya chumba wanawake walikuwa wamevua mabaibui na kupamba nywele, wanacheza. Bi Moza mwenyewe alisimama mlangoni na beseni la plastiki.

"Simu ziachwe mlangoni," alimwambia kila aliyeingia. "Sitaki kesho niwaone wake za watu vichwa wazi kwenye simu za vijana."

Wakaweka, wote. Hata Muaz alipoletwa jioni kumpa mkono mkewe, alitumbukiza simu yake katika beseni lile. Hakuna aliyeona ajabu. Na hivyo ndivyo harusi ile ilivyoisha bila picha hata moja ya bibi na bwana wakiwa pamoja.

Ubalozi ndio ulioona ajabu, Zulekha alipotaka viza ya kumfuata mumewe.

Athanas, aliyekuwa na meza yake karibu na Mnazi Mmoja akiwajazia watu maombi ya viza, alimweleza Zulekha bila kumzungusha. Cheti cha ndoa wanacho hata wasiooana. Wakubwa wale wanataka kuona picha: bibi, bwana, keki. Zulekha akasema hawakukata keki.

"Basi mtakata sasa, dada. Mumeo akija likizo mje, nina mpigapicha. Na ukiulizwa, ni siku ya harusi. Ukianza kueleza mambo ya beseni utawachanganya."

Muaz alipokuja walikwenda. Zulekha alikodiwa gauni jeupe lililombana kifuani, Muaz joho lililomfika magotini, na keki ilikuwa boksi lililopakwa krimu. Kila mpigapicha alipowaambia watazamane kwa mapenzi, Zulekha aliangua kicheko. Muaz alimwambia akiendelea hivyo watamnyima viza kwa wehu. Ikabidi wapumzike mara tatu afute machozi, apakwe wanja upya. Ilikuwa moja ya siku zao nzuri kabisa, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Asubuhi ya usaili ubalozini, mlinzi alimnyooshea kikapu. "Simu iache hapa mama." Zulekha akakumbuka lile beseni, akatabasamu peke yake, akaiweka.

Ndani aliulizwa maswali mengi na yote aliyaweza. Mumeo analala upande gani? Wa ukutani, anaogopa feni ya juu itamwangukia. Anapenda kula nini? Samaki wa nazi, na nazi anakuna mwenyewe kwa mbuzi niliyomuuzia. Mama anayeuliza alicheka kidogo, Zulekha akapata moyo. Halafu ikawekwa mezani ile picha ya keki.

"Hii ni siku yenu ya ndoa?"

Zulekha alimeza mate. "Ndiyo."

Hakujua kwamba asubuhi ileile walikuwa wamempigia na Muaz kumuuliza hilohilo, na kwamba Muaz, baada ya usiku mzima wa kujigeuza kitandani, alikuwa ameamua kusema kweli: picha walipiga baadaye, harusi yenyewe haikuwa na picha. Alijua pia kwamba mkewe mara nyingi hana bando, akawa amemtumia meseji ya kawaida tangu alfajiri. Zulekha aliisoma pale getini, mlinzi alipomrudishia simu. *Mke wangu sema kweli kuhusu zile picha. Mimi nasema kweli. Usiogope.*

Alisimama kwenye lami, jua linamchoma utosini, hadi mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

Jibu lilikuja kavu. Ndoa haikuonekana kuwa ya kweli. Mwombaji amedanganya, asiombe tena kwa miaka kumi. Na Muaz, aliyekuwa amebakiza kidogo apewe ukaazi wa kudumu, aliandikiwa kwamba naye sasa anachunguzwa.

Alipiga simu jioni ile. Hakuuliza kama amekula.

"Nilikutumia meseji, Zule."

"Niliikuta nimeshatoka. Simu ilikuwa kwa mlinzi."

"Nilituma alfajiri, saa za huko hujatoka hata nyumbani."

"Haikuwa imefika."

"Huku inaonyesha ilifika." Nyuma yake ilisikika kengele ya mgonjwa anayeita. "Hapa nimezungukwa na watu wanaoniambia umenitumia upate kupanda ndege. Mama anasema hivyo. Meneja wa kazini anasema hivyo. Ipige picha hiyo meseji, ionekane saa iliyoingia. Nitumie tu."

Zulekha alikuwa nayo. Saa ilikuwa pale juu, imeandikwa wazi, meseji imechelewa njiani na kuingia yeye akiwa ndani ya ubalozi. Kidole kimoja tu na yote yangekwisha.

"Muaz," alisema taratibu, "nimeulizwa na mtu nisiyemjua mume wangu analala upande gani. Nimejibu. Nimevaa gauni la kukodi, nimekata boksi. Sasa na wewe unataka ushahidi?"

"Nataka kuelewa."

"Hapana. Unataka ushahidi."

Akakata. Kisha, kabla moyo haujamgeuka, akaifuta ile meseji.

Zamda aliposikia alikaa chini kabisa, juu ya beseni lililogeuzwa. "Umefuta? Wewe una akili kweli?"

"Ningebaki nayo ningeituma," Zulekha akajibu, akaendelea kupanga vifuniko.

Mvua za masika zikaanza. Maji meusi yalipita katikati ya mtaa yakibeba maganda na mifuko, wateja wakaadimika, na simu haikulia. Wakati mwingine Zulekha aliishika akaandika jina la Muaz, akaliangalia, akafuta. Hakuna aliyempigia mwenzake. Kila mmoja alikuwa anangoja.

Aliyekuja ni Bi Moza, baibui jeusi limepandishwa lisiguse tope, ananukia udi katikati ya harufu ile ya mitaro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alipewa kigoda, hakukaa. "Nimekuja kusema neno niondoke. Mwanangu hali, halali, anasema anaacha kazi arudi. Akirudi kabla hawajamaliza kumchunguza huko hawamruhusu kuingia tena. Kodi yangu nitalipiwa na nani? Na wewe utamlisha masufuria? Mwambie akuache. Wewe ukimwambia atasikia."

Zulekha aliendelea kufuta sufuria ambalo lilikuwa safi tangu mwanzo.

"Mama, mwanao alinioa mimi sipo. Nilikaa chumbani nikaletewa habari. Kama ananiacha, aje aniache nipo."

Bi Moza alimtazama. "Una mdomo."

"Nauza Kariakoo, mama."

Mama mkwe akaondoka akikwepa madimbwi. Zulekha akakaa kwenye kile kigoda alichokikataa mgeni hadi jua lilipozama.

Muaz alikuja siku ya manyunyu, wakati watu wanashusha maturubai. Zulekha alimwona kwa mbali kabla hajaamini, ana jaketi zito mkononi na lile sanduku kichwani kama mbeba mizigo. Alikuwa amekonda shingo. Zamda aligeuza uso upande wa mabeseni yake.

Zulekha akasimama, akaukaza mtandio.

"Salamu zangu mama amekupa?"

"Amenipa. Neno kwa neno."

"Basi sema. Nipo."

Muaz aliweka sanduku juu ya meza, akalifungua, na kutoka kwenye soksi na sweta akatoa ile mbuzi. Mbao zake zilikuwa zimeng'aa kwa kukaliwa, meno yamelika. Akaiweka mbele yake. Zulekha aliitazama. Ndivyo mtu anavyorudisha kitu dukani.

"Kilichouzwa hakirudishwi," alisema.

"Sikurudishii. Naihamishia nyumbani."

"Na kazi?"

"Nimeacha."

"Na makaratasi yako?"

"Nimewaachia. Mlango ule umefungwa, Zule. Si wako tu. Na wangu."

Furaha aliyokuwa ameingoja miezi yote haikuja. Kilichotangulia ni hofu. Aliwaza vyumba vyake viwili vya kupanga, na Bi Moza atakayeshushwa kutoka ghorofani na udi wake aje kulala chumba cha pili. Aliwaza mwanamume mzima aliyezoea kazi ya huko akiamka Kariakoo bila pa kwenda.

"Hukuniuliza," alisema.

"Nilikuuliza la kijinga. Hili nikaona nisiulize."

"Ile meseji nilii..."

"Sitaki kuiona."

"Haipo. Niliifuta siku ileile."

Muaz alivuta pumzi. "Basi niambie tena. Siku ile sikusikiliza."

"Niliikuta mlangoni," Zulekha alisema. "Nilikuwa nimeshasema uongo, nikatoka, nikaikuta. Nilidhani ndivyo tulivyokubaliana. Nilikuwa nakutetea wewe."

"Sawa."

Muaz alimpangusa machozi shavuni kwa mkono wa shati, mbele ya watu, jambo ambalo mama yake angelipigia kelele wiki nzima. Zulekha alimwacha apanguse.

"Mama anasema hanijui," Muaz alisema baadaye kidogo, akiwa amekaa juu ya mbuzi yake. "Alinifungulia mlango, akaona sanduku, akafunga."

"Atafungua. Kodi ikiisha atakuja mwenyewe, na mimi ndiye nitakayempisha kitanda." Akamtupia tambara. "Futa hayo masufuria ya juu. Ukivunja mpini unalipa."

Muaz akafuta. Ndege ilipita juu ya mawingu, mlio wake ukazama taratibu upande wa bahari. Akainua macho, akabaki nao hadi ulipokwisha. Zulekha alimwona. Hakumuuliza, na alijua kwamba kuna siku nyingi mbele atakazomwona hivyo na asimuulize.

Zamda hakuweza kujizuia zaidi. Alikuja na simu yake ameinyoosha, anafuta kamera kwa kanga. "Haya sogeeni, nyie watu hamna picha hata moja ya maana. Shemeji, weka chini hilo tambara. Zule, cheka."

Zulekha alinyoosha mkono, akaifunika ile kamera kwa kiganja.

"Acha, Zamda," alisema. "Hakuna anayeuliza."