Sarafu Nne Zilizoachwa

ALHAMISI, SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka dizeli. Darryl alisukuma pai za nyama pembeni, akachora duka la sarafu la Beryl Trevaskis kwa kidole kwenye oili iliyomwagika mezani.

"Jumamosi mji mzima wa Kalgoorlie uko kwenye mbio za farasi. Beryl naye. Mlango wangu, gari la Tash, sefu ya mzee Lionel. Dakika nne, basi."

"Huyu babu wa nini?" Tash aliuliza. "Si atupe namba tu abaki kwake?"

"Sarafu unazijua, boya wewe?" Lionel alimjibu. "Wakia moja ya dhahabu ina bei yake ya siku. Lakini iliyofungwa kwenye kasha na kupewa alama sabini, ya juu kabisa, haina hata mkwaruzo, inaweza kuuzwa mara mbili ya bei hiyo. Utaitambuaje?"

Tash alichukua pai nyingine.

Lionel Pascoe alikuwa mkadiriaji wa thamani ya sarafu. Miaka thelathini sasa, mjini hakuna aliyenunua sarafu ya maana bila kumwita. Alitoa lenzi mfukoni, akatazama, akataja bei, na hakuna aliyebishana naye. Dhahabu ya watu ilipita mikononi mwake kila wiki. Yake hakuwa na hata moja, na hilo lilimuuma. Namba za sefu alizijua kwa sababu Beryl hakuwahi kumficha.

"Ukituuza, mzee," Darryl alisema taratibu, "nakutupa kwenye shimo la mgodi. Hata mbwa hatakunusa."

JUMAMOSI, SAA NANE NA DAKIKA KUMI MCHANA

Mlango ulifunguka kwa teke la pili. Sefu ikatii. Makasha arobaini na mawili yalikuwa yamepangwa wima.

"Mwaga zote humu!" Darryl alifoka, macho yake mlangoni.

Lionel hakumwaga. Alitoa lenzi. Sabini, mkobani. Sitini na tisa, mkobani. Kisha akakutana na manne ambayo Beryl hakuwahi kumwonyesha. Lebo zilisema sabini, lakini kingo za plastiki zilikuwa na gundi na kangaruu aliyechorwa kwenye sarafu alikuwa na sikio nene. Feki. Mkono wake ukayarudisha wenyewe kwenye sefu, kama mpishi anavyotupa kokoto za mchele.

"Dakika tatu na nusu! Unapanga maua?"

"Twende."

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Beryl alipiga simu. Watu wa bima walitaka makadirio ya hasara, angemwita nani mwingine?

"Nenda," Darryl alisema ndani ya gari. "Usipokwenda watashtuka. Tunakusubiri hapa hapa."

Beryl alimkaribisha chai nyumbani kwake. Macho yake yalikuwa mekundu. Juu ya kitambaa cha meza aliweka makasha manne.

"Haya waliyaacha. Nilinunua mwezi jana kwa mpita njia, nikasema nitakuonyesha. Niambie, Lionel, yana thamani gani?"

Jasho lilimtoka. Akisema feki, Beryl atajiuliza ni mwizi gani Kalgoorlie mwenye jicho la kuzitambua na kuziacha. Aliogopa, aliogopa kweli. Lenzi ikabaki mfukoni.

"Dola elfu tisa," alisema. "Kila moja."

Beryl alikiweka kikombe chini.

"Jana niliwatumia picha wale wanaotoa alama. Wamenijibu kwamba ni feki."

"Beryl..."

"Waliacha feki tu, nikajua wezi walikuwa na mtaalamu. Nikasema anaweza kuwa wa Perth, wa Sydney, wa popote. Kachero akasema ni wewe. Nikamtukana! Nikamwambia mwache aje, atanipa bei halali kama siku zote." Machozi yalimtiririka. "Ungesema tu ni feki, Lionel. Ningekuamini mpaka naingia kaburini."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Kachero akaingia na pingu.

Nje, gari la Tash liliwaka na kuondoka bila haraka. Lionel aliinyoosha mikono yake yote miwili. Beryl aliingiza vidole kwenye mfuko wa koti la Lionel, akaitoa ile lenzi, akaiweka mezani kando ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.