Gauni Lililovuka Maji

"Abee!"

Mshonaji aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani, akasikiliza. Hakuwa amemwita mtu. Midomo yake ilikuwa imebana pini. Hata angetaka kupaza sauti, asingeweza.

Binti yake akatokea mlangoni, chaki ya kuchorea vitambaa mkononi.

"Kidoti, nani amekuita?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Na pini zote hizi mdomoni?"

"Umeniita kutoka kule." Mtoto akaonyesha chumba cha nyuma, zinakotundikwa nguo zilizokwisha kushonwa. "Umesema njoo."

Mshonaji alicheka, akamrudisha kucheza. Watoto husikia mengi. Lakini kesho yake Kidoti aliitika tena, chakula kikiwa mdomoni, shingo imegeukia chumba kile. Keshokutwa aliitika akiwa usingizini. Kisha likaja la kutisha zaidi: mama yake alipomwita kweli, mtoto hakugeuka. Aliinamisha kichwa kama anayepima sauti mbili, akaiacha hii.

"Auditory hallucination, sista, kusikia sauti zisizokuwepo," alisema mdogo wake mshonaji, amejinyoosha kwenye kochi na simu kifuani. Mtaa mzima ulimwita Digrii, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichorudi nacho kutoka chuoni. "Nimesoma psychology semesta mbili."

"Na kazi umesoma semesta ngapi?"

"Hiyo haisomwi. Hiyo ni kujuana."

Kilichotundikwa chumba cha nyuma kilikuwa gauni moja tu lisilofuatwa. Kitambaa chake kililetwa adhuhuri moja na mteja mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakukaa ingawa alikaribishwa mara mbili. Kilikuwa chekundu cha kukaribia weusi, kizito, kimetariziwa nyuzi ambazo sonara wa duka la jirani alizing'ata kwa jino, akasema hii si rangi, hii ni dhahabu yenyewe. Alipoulizwa vipimo, mteja alisema, "Shona tu. Atakayelijaza nitamjua." Wateja wana maneno, ukimjibu kila mmoja hutashona. Siku ya kupiga pindo, kwa kuwa hakuwa na sanamu ya kuvalishia nguo, mshonaji alimsimamisha Kidoti juu ya stuli, akamvika, akabana pini kuzunguka miguu yake. Washonaji wengi hufanya hivyo. Mteja hakurudi, na chumba kile kikaanza kunuka nywele zilizoguswa na pasi ya moto.

Digrii aliacha kusema hallucination siku dada yake alipotoka kununua uzi. Jua lilikuwa linazama. Alikuwa anajaza maombi ya kazi nyingine ya kutopewa, Kidoti yuko chini anachora, na sauti ya dada yake ikatoka chumba cha nyuma, tulivu, yenye lile kohozi dogo la asubuhi ambalo dada yake alikuwa nalo tangu utoto: "Kidoti. Njoo nikupime."

"Abee," alisema mtoto, akasimama.

Na hapo hapo geti la nje likalia, dada yake akaingia na mfuko wa uzi, analalamikia bei.

Alimkuta Digrii amemshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Dada," alinong'ona, "sema kwamba ulikuwa ndani."

"Nilikuwa dukani."

"Sema ulikuwa ndani, nakuomba."

Wakamwita Fundi Baridi. Huyu mchana hutengeneza mafriji, jioni hutoa majini, na kwa kazi zote mbili hana cheti hata kimoja. Foleni yake hufika barabarani. Wenye vyeti wamekaa majumbani wakisubiri kuitwa kwenye usaili.

Hakuligusa gauni kwa mkono. Alilinyanyua pindo kwa ncha ya bisibisi, akanusa, akaliachia.

"Nani alisimama ndani ya nguo hii?"

"Mwanangu," alisema mshonaji. "Nilikuwa napiga pindo tu."

"Basi ulimpimia. Mwenye nguo ameona imepata mtu. Sasa anamwita aje."

"Aje wapi?"

"Kwao. Akiitika na miguu ikafuata mpaka mwisho, mtabaki na mwili. Mwili huo utakula, utavaa, utakua. Ila ndani hamtakuwa na mtoto."

Mshonaji alimvuta Kidoti kifuani. "Tulichome."

"Utamchoma na aliyepimwa."

"Tulitupe mbali."

"Kinachotupwa hurudi kwake. Nguo ya hawa watu hutoka kwa njia moja tu, zawadi. Mkono ulioshona ndio uitoe. Ivuke maji. Aliyeko huko aipokee kwa moyo mweupe, aseme ni yangu. Akiikataa, hata baada ya kuivaa, inarudi hapa na haitaita tena. Itachukua."

"Na huyo aliyepokea?" aliuliza Digrii. "Yeye inakuwaje?"

Fundi Baridi alikuwa anapanga bisibisi zake mfukoni, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Kijana, mimi natoa majini. Sitoi watu usingizi machoni."

Ng'ambo walikuwa na mtu mmoja tu. Twiga, rafiki wa mshonaji tangu dawati moja la shule, shingo ndefu, kicheko kirefu zaidi, ambaye kule aliishi kwa kuwaogesha wazee wa watu na kuwalisha uji kwa kijiko. Viatu alivyovaa Kidoti vilitoka kwake. Kompyuta ya Digrii ilitoka kwake. Yeye peke yake ndiye aliyemwita mshonaji Sindano.

"Ngoja nielewe," alisema Digrii. "Unamtumia rafiki yako jini. Kwa posta. Na tracking number."

"Nitajie mtu mwingine."

"Simtaji mtu! That's the whole point, dada!"

"Basi mtaje Kidoti. Sema, 'Mwache Kidoti aende.' Sema nikusikie."

Digrii alivaa viatu. Akaenda kutafuta sanduku.

Kwenye ofisi ya vifurushi, karani wa kaunta alilikunjua gauni nusu, akapiga mluzi. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kalamu sikioni na nyingine mfukoni, na zote hazikuandika.

"Hii ya nani, mama?"

"Ya rafiki yangu."

"Marafiki wa namna hii hugawiwa wapi? Mimi wangu hunitumia memes tu." Akalifungia ndani ya sanduku, akavuta selotepu, ikalia krrr kutoka pembe moja mpaka nyingine.

"Abee," alisema Kidoti.

Alikuwa amelitazama sanduku.

"Ona adabu!" karani akacheka. "Mpaka mizigo anaiitikia!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mshonaji alimziba mwanawe masikio kwa viganja vyote viwili, akasimama hivyo hivyo, watu wa foleni wakimtazama, mpaka sanduku likapitishwa mlango wa nyuma.

Digrii ndiye aliyekifuatilia kifurushi kwenye simu, kazi ya kwanza aliyoipata tangu amalize chuo. Lakini hawakuihitaji simu. Jioni ile mwito ulitoka kwenye kona ya barabara. Jioni iliyofuata ulitoka mbali zaidi, mithili ya mtu anayeita upande wa pili wa bonde, na Kidoti alilazimika kukunja uso ili ausikie. Kisha ukawa uzi tu wa sauti. Mshonaji alianza kushona tena. Alianza hata kuimba.

Ndipo Twiga akapiga.

"Sindano, umenitumia nini wewe? Nimeandikiwa na watu wa vifurushi niende mwenyewe ofisini kwao, mwisho wa mji, na mimi niko zamu mbili mfululizo, mgongo unaniuma kama wa mtu aliyebeba gogo. Nimewaambia warudishe tu. Usikasirike, eh? Utanipa nikija."

Mshonaji alisikia cherehani ikianza kuzunguka chumba cha nyuma, na cherehani pekee ya nyumba ilikuwa hapa mbele yake, chini ya mkono wake, imetulia. Aliiacha simu ikisema halo, halo, akakimbia, na alipofungua mlango alimkuta Kidoti amesimama juu ya stuli, mikono ameitandaza pembeni kama wanavyosimama watu wanaopimwa, macho wazi, hayapepesi, na kigauni chake cha kuchezea kilikuwa kinakunjwa kiunoni na vidole ambavyo havikuwapo, kikibanwa hapa, kikilegezwa pale, kwa ustadi, bila haraka, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akibana kila siku ya maisha yake, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na kutoka usawa wa pindo, chini kabisa, mtu asiyeonekana, aliyepiga magoti, akasema kwa sauti ya mshonaji mwenyewe, kama yenye pini mdomoni, "Geuka kidogo, mwanangu. Karibu tunamaliza." Na mtoto akageuka.

Alimnyakua. Alitoka naye nje mbio, akarudi kwa simu huku amembeba.

"Twiga. Twiga! Nenda ukalichukue."

"He! Kuna nini? Unalia?"

"Nimelishona kwa mikono yangu. Likirudi nitakufa. Nakuomba kwa dawati lile tulilokaa. Nenda leo."

Kikaja kicheko kile kirefu, chenye uchovu. "Kwa ajili yako tu, Sindano. Ngoja nimpigie mwenzangu anishikie zamu."

Siku Twiga alipolifungua, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kidoti alivunja kikombe, akamwaga maziwa, akamzomea mjomba wake, akaitwa na mama yake mara moja tu, akaja akikimbia. Mshonaji alifuta maziwa akilia, na Digrii, ambaye hakuwa amemsemesha tangu posta, alishika kitambaa upande wa pili, naye akafuta.

Kisha, alasiri moja, simu ya video.

"Sindano! Nitazame!" Twiga alikuwa amevaa gauni. Lilimkaa mwilini hata mshonaji akajionea fahari, kisha akainamisha uso. "Ni langu hili. Silivui. Lakini niambie ukweli, umeliombea dua?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naitwa."

Digrii alisimama mlangoni.

"Na mama," alisema Twiga. Macho yake yaling'aa. "Mama yangu, Sindano. Ambaye mlimzika ninyi, wewe ukinishikia simu juu ya kaburi, na mtandao ukakatika kabla hawajamaliza kufukia. Ananiita lile jina la utotoni, ambalo hata wewe hulijui. Unajua huku naitwaje? Huku ni hey. Ni excuse me. Ni namba ya zamu. Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniita nikajua ni mimi."

"Umeitika?"

"Bado. Naogopa nikiitika atanyamaza. Anasema niende chumba cha pili." Akashusha sauti kama mtoto. "Wewe ulimjua, alikupenda. Niende?"

*Mwambie avue*, alisema Digrii kwa midomo, bila sauti. *Mwambie alikane.* Alikuwa anatikisa kichwa, na machozi yanamtoka.

Nje, Kidoti alikuwa anacheza na wenzake. Alicheka kwa kitu fulani. Kilikuwa kicheko kikubwa, kibaya, cha mtoto aliyeshinda.

"Mama akikuita," alisema mshonaji, kwa sauti ile ile anayomwambia nayo mteja kwamba nguo imempendeza, "si unakwenda?"

Twiga alitabasamu. Aliiegemeza simu mahali, akalainisha kitambaa mapajani. "Abee, mama," alisema, akatoka kwenye kioo.

Kilibaki kiti na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Nyayo zilisikika, kisha hazikusikika. Hakuna aliyekata simu. Baada ya muda chai iliacha kufuka.

Chakula cha jioni kilikuwa tayari. Mshonaji alikwenda mlangoni kumwita mwanawe, akafungua mdomo, akasimama hivyo, kidole amekikaza kwenye fremu ya mlango. Kisha alishuka ngazi, akavuka uwanja mpaka walikokuwa wakicheza, akamshika Kidoti mkono.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Kuanzia leo," alisema mshonaji, "nitakuja mwenyewe."