Mguu wa Kaliza

Léonce, akiwa amelala chini ya pikapu, alikuwa hajasema "Kanyaga," na pedali ya breki ikashuka yenyewe mpaka chini.

"Mzee, mimi sijakanyaga," Zephaniah alinong'ona. Alikuwa bado amesimama mlangoni mwa pikapu. "Na haipandi. Iko chini tu."

Ilikuwa asubuhi ya Oktoba 1994, jua limewaka, watu wakipita zao kwenda kituo cha basi cha Remera. Pikapu ile ilikuwa haijaguswa tangu Aprili. Zephaniah, fundi aliyerudi karibuni kutoka Tanzania, ndiye aliyeshikilia kwamba itengenezwe.

Chini ya gari, Léonce alikuwa ameshalegeza nati ya gurudumuni. Alisikia harufu ya samli, ile aliyojipaka mkewe Kaliza kila asubuhi, kisha ikaja pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka, mtu anayebana kitu kwa nguvu zake zote wala hajaruhusiwa kupumzika, na kila ilipotoka, kipovu kimoja kilipanda ndani ya chupa ya mafuta ya breki aliyoiunganisha hapo.

"Hii iko jini," Zephaniah alisema. "Tuite padri."

"Hapana jini. Ni muzimu wa madamu wangu. Iko inangoja mimi."

Léonce akamweleza kwa shida. Aprili ile walikuwa wakitoa upepo kwenye breki za gari hilihili, Kaliza akikanyaga, yeye akilegeza nati gurudumuni. Walikuwa na sheria moja: mguu hautoki mpaka Léonce afunge nati na kusema "Achia," maana ukitoka mapema upepo unarudi. Ndipo wauaji, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakaingia kwa nyuma. Yeye aliiona miguu yao, akabiringika mtaroni, akatoroka bila kusema kitu. Kaliza alibaki amekanyaga, akingoja neno lake, mpaka wakamuua.

"Basi mwambie, mzee."

"Nikisema, ataenda."

Hilo ndilo lililomuuma. Miezi sita hakuwa hata na kaburi la kuliangukia; sasa alikuwa na pumzi hii tu, hapo juu yake. Lakini alisikia jinsi mguu ule ulivyokuwa ukitetemeka. Akafunga nati kwa spana, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Kaliza, achia. Unisamehe."

Pedali ikapanda polepole. Harufu ya samli ikakatika.

Zephaniah akaibonyeza kwa mkono, akapiga kelele. "Mzee, imekamata! Imekuwa ngumu kabisa!"

Léonce hakutoka. Alilala palepale na spana yake, akaita kwa sauti ndogo, "Kanyaga, Kaliza." Akangoja, akaita tena. Pedali haikushuka.