Kadi Isiyochomekwa

Skrini iliandika: kadi mpya ya mtandao imechomekwa. Na hakuna aliyechomeka kitu! Ofisini pale Mtumba, asubuhi hiyo, walikuwepo Ambokile na mwenzake Ikram peke yao.

Huyu Ambokile, jamani! Ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Alikuwa akirekebisha programu ya kutambua kadi za mtandao zinapochomekwa au kuchomolewa mashine ikiwa inawaka. Ubovu wa programu ulikuwa huu: haikuuliza kadi imeingilia njia gani, yaani tundu lipi la mashine, ilikisia tu. Alitaka amalize awahi nyumbani Makole, maana mkewe Restuta ametoka hospitali na kichanga ambacho yeye hajakibeba bado.

"Kaka, nasikia harufu ya udi," Ikram alinong'ona.

"Wewe na majini yenu ya Kondoa! Chuoni ulisomea nini?" Akainamia mashine, akacheka kwa kebehi. "Haya, bwana jini, karibu! Ingia, jisikie nyumbani."

"Astaghfirullah! Usimkaribishe usiyemwona, kaka."

Ambokile akasonya. Akaandika marekebisho yake: kila kadi itaje kwanza njia iliyoingilia. Akaiwasha programu, nayo ikatii. Kadi zote zikataja njia zao. Ile moja isiyochomekwa ikataja: Ambokile.

"Umeandika wewe huu upuuzi?"

"Wallahi sijagusa."

Ambokile akatoka nje akitukana. Skrini ikaandika: imechomolewa. Akarudi. Imechomekwa. Akatoka tena, safari hii akinyata, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na kila alipouvuka mlango skrini ilimuaga na kumpokea, na udi ule ukazidi kunukia, na Ikram akaona wazi kwamba harufu haikutoka kwenye mashine, ilitoka mdomoni mwa Ambokile kila alipohema. Kiburi chote kwisha.

"Usiende nyumbani," Ikram alisema. "Kuna mtoto mchanga kule. Twende kwanza kwa shehe akusomee."

Ambokile akaitikia kwa kichwa. Kweli alikubali, machozi yakimtoka. Simu ikaita, na kidole chake kikapokea bila yeye kutaka.

"Uko wapi?" Restuta aliuliza kwa furaha. "Mwanao ameamka, anakusubiri."

Ambokile akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akaukaza. Sauti nzito ikajibu kutoka kifuani mwake, taratibu, kwa adabu ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo.

"Tunakuja, mama."